Dada Yangu na Ndege wa Dirisha la Dalali

Ukitaka kumkera dada yangu, mwambie kulisha ndege ni kazi ya watu wasio na kazi. Hatakujibu. Atakutazama juu ya miwani yake ya kushonea, atapitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa mkupuo mmoja, halafu atakuuliza wewe leo umemlisha nani. Mimi nilishaulizwa. Sikuwa na jibu, nikanyamaza, na kunyamaza si kawaida yangu.

Siku hizi watu humjia kwa ushauri. Mtu anatoka huko na chupa yake mkononi, au kikapu cha waya alichokinunua kwa sababu kina paa zuri, anauliza, "Fundi, hiki nikining'inize wapi?" Dada hukigeuza juu chini kwanza, vile anavyoigeuza nguo kutazama mshono wa ndani. "Kinafunguka vipi?" anauliza. Mtu anaanza kueleza rangi na paa. "Sijakuuliza paa. Nimekuuliza kinafunguka vipi huku chini. Mkono unaingia? Haya, ingiza nione." Mkono usipoingia, chombo kinarudi kilikotoka, hata kama kilitoka kwangu. Na mimi ndiye muuza vyombo vya plastiki sokoni: ndoo, mabeseni, mabakuli, machujio. Nawaambieni, hakuna mtu anayeniharibia biashara kama huyu ndugu yangu wa tumbo moja.

Lakini nitamsifu, apende asipende. Mimi hasira zangu ni moto wa mabua, zinawaka na kuzima, na nikimkasirikia mtu nasema. Kwa hiyo nikimvulia mtu kofia pia nasema. Dada yangu namvulia.

Mambo ya ndege yalianza na mumewe. Shemeji yangu alikuwa dalali wa mnadani, mtu wa kuuza makabati, baiskeli na vitanda vya watu wanaohama, na mtaji wake wote ulikuwa sauti. Mtaa mzima ulimwita Dalali, hata mkewe. Mimi aliniita mke mdogo, na kila akiniona mlangoni alininadi palepale: "Nani anamtaka huyu? Ana mdomo lakini anapika." Mimi nilimjibu kwamba yeye hata akigawiwa bure hana wa kumbeba. Ndivyo tulivyoishi, shemeji na shemeji yake, na hakuna aliyewahi kununa.

Kisha kikaja kiharusi. Kilimkuta asubuhi akivaa viatu. Upande wa kulia ukalegea, mkono ukalala, mdomo ukapinda, na maneno yakawa yanamtoka vipande vipande, mengine hayatoki kabisa. Mtu aliyekula kwa ulimi wake akaona haya kuutumia. Alikaa wodini mpaka dada akazoea kulala amekaa kwenye kiti cha chuma. Siku ya kuruhusiwa, Dalali alimshika mkewe kwa mkono mzima, akasema kwa taabu, "Sirudi huku." Dada akamjibu, "Hurudi." Yalikuwa maneno ya watu wawili waliochoka, lakini dada yangu akitamka neno limetamkwa.

Tatizo likawa chakula. Dalali hakutaka kula. Si kwamba alishindwa kumeza, daktari alishampima akaona anameza vizuri. Alifunga mdomo tu. Dada anasimama mbele yake na bakuli la uji, yeye anageuza uso ukutani, na ukimwita hageuki. Mashavu yakaingia ndani, shati likawa linamning'inia. Daktari akamwambia dada waziwazi: "Mama, akiendelea kupungua hivi tutamrudisha wodini, tumpitishie mpira puani, alishwe kwa huo." Dada alirudi nyumbani na maneno hayo asiweze kumwambia mtu isipokuwa mimi. Ama mumewe ale, ama arudishwe kule alikoahidiwa kwamba harudi. Hapakuwa na habari nyingine katika nyumba ile.

Mimi nilijaribu kwa njia yangu, yaani nilimfokea. "Shemeji, unamringia nani? Hebu fungua mdomo." Akanitazama kwa pembe ya jicho, akarudi ukutani kwake. Nikatoka uani nikalia kwenye karo la kufulia. Bora angenitukana.

Chumba alicholala Dalali kiko nyuma, na kiti chake dada alikiweka dirishani ili apate hewa, mgongo ukielekea mlangoni. Mlango huo unafungukia sebuleni, kwenye cherehani ya dada. Dirisha linatazama uani: karo, kamba ya nguo iliyofungwa kwenye nguzo mbili za chuma, mpera mmoja mvivu, na ukuta wa jirani. Asubuhi moja dada alileta uji, Dalali akafunga mdomo kama kawaida. Dada akafungua dirisha akatupa nje makoko ya mkate. Nadhani alikuwa amekasirika, ila hasira yake yeye haina sauti. Shomoro wakashuka, mmoja, watatu, kundi zima, wakagombea yale makoko kwa kelele. Dalali akageuza shingo. Dada aliona. Akapeleka kijiko mdomoni mwa mumewe wakati shomoro wakidonoa, na mdomo ukafunguka.

Alinisimulia siku hiyohiyo. "Anakula wakila," alisema. "Wakiruka, anafunga."

"Basi wasiruke," nikamwambia.

Nilidhani nimetania. Kesho yake alikuwa sokoni kwangu asubuhi, anapekua vyombo vyangu kimoja kimoja bila hata salamu.

Chombo cha kwanza nilimchagulia mimi: sinia pana lenye maua mekundu. Dada akalitoboa pembezoni, akalining'iniza kwenye mpera kwa waya, akamwaga mtama. Likapendeza kweli. Basi wakaja tetere wawili wanene, wakaketi katikati ya sinia kama wenye nyumba, shomoro wakabaki ukingoni wakiokoteza. Akaja kunguru akawafukuza wote. Ikaja mvua, mtama ukavimba ukawa uji, na uji huo ndege hawakuutaka, kama Dalali asivyoutaka wa kwake. Dada akalishusha sinia akanirudishia likiwa na matundu yake.

"Na wewe ulikuwa unawapa wageni sinia la nini?" nilimsuta. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe watalishika kwa lipi?"

"Kazi wanaifanya," alisema. "Dalali yupo ameshiba leo asubuhi. Wewe uliweza?"

Cha pili alikitengeneza mwenyewe. Chupa kubwa ya maji, akaipitishia miiko miwili ya mbao, mmoja huku na mwingine kule, na juu ya bapa la kila mwiko akakata tundu ili mbegu zidondokee hapo. Tetere akijaribu kukaa anateleza, mwiko haumwezi. Shomoro na chiriku wanakaa raha mustarehe. Ila matundu aliyakata makubwa, upepo ukivuma chupa inacheza na mtama wote unaishia chini, wakanufaika panya. Akatafuta chupa nyingine, akapasha msumari motoni, akatoboa tundu la kutosha mdomo wa chiriku basi. Alizeti ikagoma kupita. Akatengeneza nyingine ya alizeti. Akajua kwamba tetere anataka kula chini, akamwekea kigae chake peke yake mbali na zile chupa, heshima yake na amani ya wengine. Akajua kwamba chozi, yule mdogo anayeng'aa kifuani, hana haja na nafaka, anataka maji ya sukari kwenye kichupa. Akakifunga kichupa kitambaa chekundu kilichobaki kwenye sare alizokuwa anashona, na chozi akaja kama aliyeitwa.

Nilimwona nikashangaa. Huyu ni mtu aliyekuwa na sare za watu zimerundikana hadi dirishani, mgonjwa wa kugeuza na kuosha, na watoto wakubwa walio mbali wanaopiga simu kuuliza tu. Na bado alikuwa na subira ya kusimama uani kuangalia shomoro anainamisha vipi kichwa ili ajue tundu liwe la ukubwa gani. Mimi kazi hiyo ingenishinda kabla ya chai.

Halafu kulikuwa na paka wa jirani. Jirani mwenyewe ni mwanamke mpole, lakini paka wake mwizi mtupu, na chupa zile zilining'inia kwenye nguzo za kamba ya nguo. Dada hakugombana na mtu. Alikata kipande cha bati, akakikunja kiwe kama faneli, akakivisha nguzo, upande mpana ukitazama chini. Paka akapanda kwa majivuno yake, kichwa kikagonga bati, akatafuta njia kulia, akatafuta kushoto, akateremka kinyumenyume, akaanza kujilamba mkia kama mtu aliyekuwa anapita tu. Dalali akacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, lakini sauti ilikuwa ileile, nzito, na dada aliisikia sebuleni akaacha sare ya mtu katikati ya mshono, akaja mbio akiwa na pini midomoni.

Chombo cha tatu ndicho kilichotuletea balaa, ingawa mwanzoni kilionekana bora kuliko vyote. Dada alikinunua duka la chakula cha mifugo, nami nikanuna wiki nzima, yaani anaye muuza plastiki nyumbani anakwenda kumtajirisha mwingine. Kilikuwa kilishio cha vifaranga: kopo refu lenye sahani chini yake, unajaza juu na mbegu zinateremka zenyewe kadiri zinavyoliwa. Alikitundika mbele kabisa ya dirisha. Alikipenda kwa sababu sahani haikauki.

Hapa inabidi mjue sisi tumelelewa vipi. Mama yetu alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mgeni asione kitako cha bakuli. Chakula kikifika nusu, ongeza. Mgeni akisema ameshiba, ongeza kidogo, kisha ndiyo umwamini. Kuacha chombo cha mgeni kikauke, kwetu ilikuwa aibu kuliko kumtukana. Tulichapwa kwa kosa hilo, na mpaka leo mimi siwezi kumwona mtu akila bila mkono wangu kwenda kwenye upawa. Basi dada kila asubuhi alikuwa anamimina kibaba kipya juu ya nafaka iliyobaki. Hakuwahi kukiacha kile kilishio kishuke hata nusu.

Na mambo yakawa mazuri, tusidanganyane. Ndege walijaa. Dalali akawa anakula asubuhi na mchana, akaanza kushika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto, anamwaga lakini anakula. Daktari akampima, akaangalia karatasi yake mara mbili, akamwambia dada, "Mama, chochote unachomfanyia, usiache." Dada hakumwambia kwamba anachomfanyia ni shomoro.

Ikaja mvua ya mfululizo. Asubuhi moja shomoro mmoja alibaki ukingoni mwa sahani, manyoya yamemfura, macho nusu yamefumba. Wenzake waliruka, yeye hakuruka. Dalali ndiye aliyemwona kwanza, akagonga kioo kwa kidole, na ndege akabaki vilevile. Baadaye chiriku naye akawa hivyohivyo. Kisha shomoro mwingine akatua kwenye kizingiti cha dirisha, mbele ya Dalali na bakuli lake, akayumba, akalala ubavu, akafa pale. Dalali akatokwa na machozi. Bakuli lilirudi jikoni limejaa.

Dada alikwenda moja kwa moja duka la chakula cha mifugo. Muuzaji alimsikiliza, akamuuliza kama ndege wamefura manyoya, dada akasema ndiyo. Wanakaa bila kuruka? Ndiyo.

"Unakisafisha chombo kila baada ya muda gani?"

"Kila siku naongeza," dada akasema.

"Sijauliza kuongeza, mama. Kumwaga."

 Muuzaji akamweleza kwamba ndege wagonjwa wakikusanyika sahani moja na wazima, wanaumwa wote. Avishushe vyombo vyote, si hicho tu. Avisugue, aviloweke kwenye dawa ya klorini, avianike juani mpaka vikauke kabisa. Na asivirudishe haraka, kwa sababu wataendelea kukutana hapohapo. Awaache watawanyike wakatafute riziki yao kwingine, majuma kadhaa, mpaka asionekane tena mgonjwa hata mmoja.

Nilikuwa uani alipokifungua kile kilishio kwa chini. Juu kulikuwa na nafaka safi, ya njano, ungeweza kuila wewe. Katikati ilikuwa imelowa. Chini kabisa ilikuwa imeota ukungu wa kijani, nyeusi, imeshikamana kama donge, imechanganyika na vinyesi vyao wenyewe. Harufu ilinirudisha nyuma. Dada hakurudi nyuma. Alichuchumaa pale, akalivunja lile donge kwa vidole.

"Ni mimi," alisema. "Nimekuwa nawaongezea juu ya sumu, nikidhani nawakirimu."

"Osha sasa hivi, urudishe kesho," nikamwambia.

"Umesikia alivyosema."

"Nimesikia. Na daktari je, hukumsikia? Ndege ni ndege, dada. Mume unaye mmoja. Ukishusha hivi vyombo, wewe ndiye unayemrudisha wodini, tena kwa mikono yako."

Nilisema kwa ukali, na sijutii, kwa sababu ndivyo nilivyoogopa. Dada alifuta vidole kwenye majani.

"Nikiviacha, atakaa pale awatazame wakifa mmoja mmoja," alisema. "Hiyo pia itakuwa kwa mikono yangu."

"Basi mwambie vimeibiwa. Mtu akiibiwa halaumiwi."

Akanitazama juu ya miwani. "Mume wangu amepooza upande mmoja. Upande wa pili siupoozeshi mimi kwa uongo."

Akaingia ndani, mchana kweupe, akasimama mbele ya mumewe. Nilikuwa mlangoni nikasikia kila neno. "Dalali, ndege wanaumwa. Nimewaumiza mimi. Nilikuwa naongeza bila kumwaga. Nashusha vyote, na kwa muda hawatakuja. Najua unakula nao. Nakuomba ule hivyohivyo." Dalali akafumba macho. Dada akatoka nje.

Alishusha kimoja kimoja mbele ya dirisha, hakujificha. Chupa za miiko, kichupa cha chozi, kile kilishio, hata kigae cha tetere. Nafaka yote akaichoma. Alisugua na kuloweka mpaka mikono ikawa myekundu na vidole vya kushonea vikapasuka. Waliokufa akawazika chini ya mpera. Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya hata kwa kushikiwa fimbo. Akavuka kwa jirani, mwenye paka, ambaye kwa kumwiga yeye alikuwa naye ametundika chupa yake, akamwambia aishushe, na akamweleza sababu yote bila kujipunguzia. Jirani akasema, "Lakini fundi, si ndiwe uliyenifundisha?" Dada akasema, "Ndiyo, nilikufundisha vibaya." Mimi nilikuwa nachota maji ya kusafishia, uso nimeukunja, sikumsifu. Moyoni nilimsifu, lakini mdomoni bado kulikuwa na moto.

Siku za mwanzo ndege waliendelea kuja. Walikaa kwenye kamba ya nguo wamejipanga foleni, wanatazama dirishani. Ilikuwa mbaya sana. Dada alishona akiwa amewapa mgongo. Dalali aliwatazama, nao wakawa wanapungua, mpaka siku moja kamba ikawa na nguo tu. Na Dalali akawa hataki kula. Kijiko kimoja, viwili vya kumridhisha mkewe, basi. Mkono uliokuwa umeanza kushika kijiko ukarudi mapajani. Dada alisimama mbele yake na bakuli asubuhi, mchana na jioni, akisubiri, na chakula kikipoa anakirudisha jikoni. Huko jikoni nilimkuta zaidi ya mara moja akila amesimama, kwenye sufuria, haraka, au asile kabisa. Magauni yake mwenyewe yalikuwa yanampwaya, na fundi hakuwa na nafasi ya kuyapunguza.

Siku ya kliniki ikawa kesho. Kila mmoja wetu alijua mizani itasema nini. Nilifika mchana nikamkuta dada ameleta bakuli, amesimama, na Dalali ametazama uani kutupu. Dada akasogeza kijiko. Dalali akakwepa, akasema neno moja.

"Nigeuze."

Mimi nililielewa palepale. Ukuta. Amerudi kwenye ukuta wake. Nilimtazama dada kwa jicho la nilikuambia, na wala sikulificha. Dada aliweka bakuli kizingitini, akashika kiti mkono mmoja, akaniambia kwa kichwa nishike mwingine. Ni kiti kizito cha mbao, tulikiburuza kidogo kidogo mpaka Dalali akawa anatazama ukuta.

"Siyo," akasema.

Tukaburuza tena. Akawa mbele ya kabati.

"Bado."

Nilianza kuchoka na kukasirika, nikamuuliza anataka kwenda wapi, chumba chenyewe kimekwisha.  Tukaburuza mpaka akaupa dirisha mgongo kabisa, akawa anatazama mlango ulio wazi, na ng'ambo ya mlango sebule, cherehani, rundo la sare, na kigoda cha dada kimekaa peke yake. Jasho lilikuwa linamtoka kana kwamba ndiye aliyesukuma.

"Hapo," akasema.

Dada akachukua bakuli, akaja akasimama mbele yake kama siku zote. Dalali akafunga mdomo. Nikavuta pumzi ili niseme langu, na nilikuwa nalo. Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha kigoda.

"Fundi. Kaa."

Dada akaenda akakaa, bakuli la mumewe mapajani.

"Chako."

"Mimi nitakula baadaye," dada akasema.

Dalali akatikisa kichwa. Akatafuta maneno, tuliona anavyoyatafuta, midomo ikijaribu na kukosa. Safari hii hakuona haya mbele yetu, aliendelea tu kuyavuta.

"Ndege... walikula... na mimi," alisema. Akapumzika. "Wewe... unasimama."

 Mimi nilikwenda jikoni, nikapakua uji kwenye bakuli la pili, nikarudi nikamwekea Dalali lake mapajani na dada lake mikononi, kisha nikasogea kando nikashika fremu ya mlango. Dada alitia kijiko mdomoni. Alitafuna uji, kitu kisicho na cha kutafuna, machozi yakimwingia mdomoni, na Dalali akamtazama, akamngoja. Dada akameza. Ndipo Dalali akashika kijiko kwa mkono wake wa kushoto, akala.